Gari Inachemsha? Jibu Swali Hili Kabla Hujanunua Rejeta

Wafanyabiashara wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo naongelea gari. Najua wengi humu mnapeleka mizigo kwa Corolla 110, Carina Ti, Vitz, IST, Probox au Noah za kizamani. Gari imetumika Japani, imekuja hapa ikatumiwa na wa kwanza, wa pili, wewe unakuta ni wa nne. Inapiga kazi vizuri tu, halafu siku moja upo foleni na oda saba kwenye buti, unaona mshale wa joto unapanda kuelekea H. Hapo ndipo pesa za watu zinapoanza kupotea, na nyingi zinapotea bila sababu.

Mimi nauza spea. Duka langu ni fremu moja tu, Tabata, na mauzo yangu zaidi ya nusu yanatoka mtandaoni. Sijasomea ufundi chuoni. Nilimaliza form four nikakaa dukani kwa mjomba wangu, nikajifunza kwa kuwaangalia mafundi, kuuliza maswali mpaka wanachoka, na kusoma vitabu vya magari usiku kwenye simu. Sasa kitu ninachokiona kila wiki ni hiki: mtu gari yake inachemsha, anakuja kununua rejeta. Baada ya wiki mbili anarudi, safari hii anataka pampu ya maji. Baadaye fundi anaitoa themostati na kuitupa. Halafu feni. Mwisho kabisa anakuja kuulizia gasketi ya hedi, na hapo sura yake imeshabadilika. Ningenyamaza ningemuuzia vyote vitano. Lakini mteja wa hivyo harudi tena, na akikutaja kwa watu anakutaja vibaya.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniandikia "boss nataka rejeta ya 110, inachemsha", simtumii bei. Namuuliza kwanza: inachemsha WAKATI GANI?

Hilo ndilo swali. Foleni au njia kuu? Kwenye mlima au kwenye tambarare? Dakika tano baada ya kuwasha au baada ya saa nzima? Ukiwa na AC au bila? Jibu la hapo linakuonyesha pa kuanzia kabla hujafungua hata boneti. Ngoja nieleze kwa nini.

Injini inaunguza mafuta ndani, joto linakuwa kali sana. Pampu inazungusha maji, yanapita kwenye injini yanabeba joto, yanakuja kwenye rejeta mbele, upepo unayapoza, yanarudi. Themostati ni mlango. Gari ikiwa ya baridi inafunga ili injini ipate joto haraka, maji yakifika joto lake inafungua. Toyota nyingi themostati yake imeandikwa 82, yaani inaanza kufungua kwenye nyuzi 82. Kifuniko cha rejeta kinashikilia presha, na presha inafanya maji yachelewe kuchemka. Usawa wa bahari maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima cha 0.9 yanavumilia mpaka karibu 118. Ukipanda Iringa au Mbeya, maji ya wazi yanachemka kwenye 95 hivi, ndiyo maana kifuniko kibovu ambacho Dar kilikuwa kinakuvumilia, huko juu kitakuumbua.

Tuna vitu vinne tu hapo: maji yawepo, yazunguke, yapate upepo, yakae na presha. Muda wa kuchemsha unakuambia kipi kati ya hivyo kimekosekana.

Nichukue mteja mmoja ili nisiongee hewani. Ni dada anauza vyombo vya ndani mtandaoni, sufuria na seti za chai, anapeleka mwenyewe kwa Corolla 110 yenye injini ya 5A. Alikuja dukani kutaka rejeta, na ile iliyokuwa kwenye gari ilikuwa na miezi minne tu tangu ifungwe! Ameshaambiwa na fundi kwamba ile aliyouziwa ni feki. Inawezekana, feki zipo nyingi. Lakini nikamwambia dada yangu, kaa kwanza unywe maji, nijibu. Inachemsha wapi?

Akasema, "Nikiwa foleni pale Mwenge mshale unapanda mpaka natetemeka. Nikitoka nikaanza kwenda Tegeta, unashuka wenyewe."

Kwangu hapo tumeshamaliza nusu ya kazi. Gari ikitembea upepo unaingia kwenye rejeta bure. Ikisimama upepo unatoka kwenye feni peke yake. Kama inapoa ikitembea, maana yake maji yapo, yanazunguka, na rejeta inapoza. Kilichokosekana ni upepo wa kusimama. Feni. Rejeta mpya ya pili isingemsaidia hata kidogo, angetoka hapa ameacha pesa ya kununulia katoni nzima ya sufuria, na Mwenge ingemchemshia vilevile.

Sasa feni nayo usikimbilie kununua. Feni isipozunguka kuna wahusika wanne: fyuzi, rilei, swichi, na mota yenyewe. Mota ndiyo ya bei, hao wengine ni hela ndogo. Tulivyofanya kwa yule dada ni hivi. Tukawasha gari, tukaiacha inguruma mahali ilipo, tukakaa tunaangalia mshale. Ukapita katikati, feni kimya. Tukazima kabla haijafika pabaya. Kwenye Toyota za kizamani za aina ile, feni inaongozwa na swichi inayokaa kwenye njia ya maji, ina soketi ya waya. Ile swichi ikiwa baridi inakuwa imefunga umeme, ikipata joto, kama nyuzi 93 hivi, inaachia na feni inaanza. Kwa hiyo ukichomoa ile soketi, funguo ikiwa ON, feni inatakiwa izunguke hapohapo hata kama gari ni ya baridi. Tukachomoa. Feni ikaruka, vuuu! Mota nzima, rilei nzima, fyuzi nzima. Swichi ndiyo imekufa. Kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja, bei yake haifiki hata robo ya rejeta.

Kama isingezunguka, tungeangalia fyuzi, tungebadilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lilelile, na mwisho tungeipelekea mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota nyingine zimechoka ndani, zinazunguka ukizigonga kidogo, halafu kesho zinagoma tena. Hiyo badilisha, usibembelezane nayo. Angalizo: gari za baadaye kama Vitz na IST feni inaongozwa na kompyuta ya gari, ule mchezo wa kuchomoa soketi usiufanye kwa kubahatisha. Kwa hizo washa AC tu, feni inatakiwa ianze. Ikianza kwa AC halafu joto likipanda bila AC haianzi, mota yako haina shida. Na vidole vyako viweke mbali, kuna gari feni inaweza kujiwasha hata ukiwa umeshazima injini.

Jambo moja zaidi la feni ambalo limewasumbua wateja wangu watatu mwaka huu. Ukinunua feni ya mtumba, fundi akaunganisha waya kinyume, inazunguka lakini inapuliza upande usio wake. Unaiona inazunguka, unaridhika, gari inaendelea kuchemsha. Chukua kipande cha karatasi, kilete mbele ya gari kwenye grili feni ikiwa inazunguka. Feni inayokaa nyuma ya rejeta inavuta, karatasi itanata. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa.

Yule dada hatukumaliza naye hapo. Aliniambia kila baada ya siku mbili anaongeza maji kama nusu lita. Feni haimalizi maji. Yanaenda wapi? Tukakitoa kifuniko, gari ikiwa imeshapoa kabisa. Mpira wa chini umepasukapasuka kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi chote. Kifuniko cha namna ile hakishiki presha. Maji yakipata moto yanakimbilia kwenye kichupa cha akiba, kichupa kinajaa, mengine yanamwagika njiani, na gari ikipoa haiwezi kuyavuta kurudi. Hutaona tone sakafuni kwako maana yamemwagikia foleni. Kifuniko kipya ni bei ya chipsi kuku mbili, hakikisha tu namba iliyoandikwa juu ni ileile, kama ni 0.9 nunua 0.9, kama ni 1.1 nunua 1.1. Usipandishe namba ukidhani unaiongezea gari nguvu, utapasua hozi za zamani.

Lakini nilikuwa na wasiwasi mmoja ambao sikumwambia mapema. Gari iliyochemshwa mara nyingi inaweza kuwa imeshaunguza gasketi ya hedi. Injini kama 5A bloku ni ya chuma cha kumimina, hedi juu yake ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka zaidi ya chuma. Joto likizidi, hedi inapinda, gasketi iliyo katikati inaachia, na hapo hela inayotajwa ni ya gasketi, ya kupeleka hedi ikakwanguliwe, ya oili mpya na ya fundi. Kwa mtu anayeanza, huo ni mtaji wa mzigo mzima, na gari inalala siku kadhaa.

Kwa hiyo nikamwomba alilaze gari pale, aje asubuhi. Kipimo chake ni cha bure kabisa. Gari imelala usiku, baridi, unafungua kifuniko cha rejeta, unajaza maji mpaka juu, unawasha bila kurudisha kifuniko. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, yanaisha. Lakini yakija mfululizo kama soda, na yanaongezeka ukikanyaga mafuta kidogo, huo ni moshi wa kwenye silinda unaingia kwenye maji, gasketi imekwenda. Dalili nyingine: hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja tu ya kuwasha gari baridi, oili kwenye kijiti inafanana na chai ya maziwa, ekzosi inatoa moshi mweupe mzito usioisha hata gari ikishapata moto, au asubuhi gari inawaka kwa kutetemeka kama ina plagi moja imekufa, halafu inatulia. Kuna mafundi wana dawa ya bluu wanayoiweka kwenye mdomo wa rejeta, ikivuta moshi wa injini inageuka njano. Ukimpata mwenye nayo, mlipe apime, hiyo haina ubishi.

Tulisimama pale saa moja asubuhi, yeye ameshika mkoba kwa mikono miwili, mimi nimeinama. Mapovu matatu, manne, kimya. Tukakanyaga mafuta, kimya. Alipumua mpaka nikasikia. Akaondoka na swichi, kifuniko na kulanti. Rejeta nilibaki nayo dukani.

Si wote wanaopona hivyo. Kuna kaka mmoja wa viatu vya mtumba, ana Noah ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Anapeleka mabalo Iringa. Dar hapa gari haimsumbui hata foleni. Ila akiwa na mzigo, akianza kupanda Kitonga, mshale unapanda naye. Hiyo ni picha ya pili, na ni kinyume kabisa na ya yule dada. Inapoa mjini, inachemsha ikifanya kazi nzito. Feni hapa haina kosa. Hapa maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haitoi joto lote: rejeta imeziba ndani, au imeziba nje, au themostati inafungua nusu, au mkanda unateleza, au mabawa ya pampu yamelika, au hozi ya chini imelegea inanyonywa na kujikunja injini ikiwa kwenye mizunguko mikubwa.

Kilichompata ni hiki. Kwenye Kitonga mshale ukafika H. Hakusimama, alitaka amalize mlima kwanza, mteja wa jumla anamsubiri. Karibu na juu mshale ukashuka ghafla mpaka C. Akafurahi, akaona mlima umeisha gari imepoa. Akaendelea. Kabla ya Ilula injini ikafa na haikuwaka tena.

Jamani, hapa naomba msome polepole. Ule mshale unasoma joto la maji. Maji yakiisha, kile kipimo kinabaki kwenye hewa, hakina cha kusoma, na mshale unaweza kurudi C wakati injini inaungua. Mshale uliokuwa H ukashuka ghafla bila wewe kusimama, hiyo ni hatari kubwa kuliko ilipokuwa H. Simama. Na kwenye Toyota nyingi ule mshale umetengenezwa ukae katikati bila kucheza ingawa joto linapanda na kushuka kidogo, kwa hiyo ukishauona umevuka katikati, ujue joto limeshapanda kweli. Wenye Vitz na IST nyingi hamna mshale kabisa, mna taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya moto. Hiyo nyekundu ikiwaka huna dakika za kujadiliana nayo.

Yeye alibadilisha injini nzima. Baadaye rejeta ilipofunguliwa, nusu ya vijibomba vilikuwa vimejaa uchafu wa kutu na chumvi. Alikuwa anajaza maji ya kisima. Dar tunajua maji ya visima vingi yalivyo, hata chai haiwi nzuri. Ile chumvi inaganda ndani kama ukoko. Ukikosa kulanti nzuri, bora maji ya mvua au yale yaliyosafishwa ya betri kuliko ya kisima. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji safi, isipokuwa chupa iwe imeandikwa imeshachanganywa. Na kulanti ya bei ya kutupa mara nyingi ni maji ya rangi, hilo nalisema mimi ninayeiuza.

Kama wewe ndiye wa picha hii ya pili, anza na vya bure. Chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC, pale katikati pananasa tope, majani na wadudu, mbele unaona pasafi kumbe ndani pamezibwa kama ukuta. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kuja mbele, maana presha kubwa inalaza vile vijibati. Halafu bonyeza mkanda, angalia kama umelegea au una nyufa. Kwenye 5A mkanda unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ndiyo maana taa ya betri ikiwaka pamoja na joto kupanda, usimtafute fundi umeme, mkanda umekatika. Kisha, gari ikiwa imezimwa na feni imesimama, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Palipoziba ndani panakuwa baridi wakati pembeni pana moto. Rejeta za plastiki juu, ukiona plastiki imegeuka kahawia na inapukutika, imezeeka, hiyo hata mimi nitakuuzia mpya bila maswali.

Picha ya tatu ni fupi. Inachemsha haraka, ndani ya dakika kumi, popote ulipo. Hozi ya juu moto, ya chini baridi. Maji hayapiti. Themostati imegoma kufungua, au kuna hewa imenasa, hasa kama juzi ulibadilisha maji. Noah zenye injini katikati zina mabomba marefu na kutoa hewa ni kazi ya subira, fundi mwenye haraka atakuachia hewa ndani. Themostati unaipima jikoni: ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko. Kabla maji hayajachemka sawasawa inatakiwa iwe imefunguka vizuri. Isipofunguka, tupa. Ukifunga mpya, ile yenye kijitundu chenye kipini kinachochezacheza, kipini kikae juu, ndicho kinachotoa hewa.

Hapa nitagombana na mafundi kidogo. Mtindo wa kutoa themostati na kuiacha gari bila, kwamba "nchi yetu ina joto, haihitajiki", siuungi mkono. Injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, inajisaga mapema. Na kwenye baadhi ya injini themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka kwenye injini bila kupita rejeta, inachemsha zaidi kwenye mlima. Gari iliyopona baada ya kutolewa themostati haijapona, imefichwa ugonjwa.

Maji yanapungua na huoni yanapotoka? Angalia kifuniko kwanza, nimeshasema. Halafu zulia la miguuni upande wa abiria, likiwa na unyevu na harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Halafu kijitundu chini ya pampu ya maji, kikiwa na alama ya mchirizi, pampu imeanza kuaga. Ukivikosa vyote hivyo ndipo unarudi kwenye kipimo cha mapovu.

Ikikuchemshia njiani: zima AC, washa hita mpaka mwisho na fungua vioo (utaungua wewe, injini itapata nafuu), tafuta pa kusimama, zima. Usiguse kifuniko. Narudia, usiguse kifuniko cha rejeta ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 yakifunguliwa yanageuka mvuke papo hapo na yanakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka hozi ya juu uweze kuishika na kuibinya ikiwa laini. Na usimwagie injini ya moto maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka.

Sasa upande wetu wa biashara. Siku gari inaanza kuonyesha dalili, weka kwenye simu maelezo haya: tarehe, mahali, foleni au mwendo, mzigo kiasi gani, AC ilikuwa inafanya kazi au hapana, na asubuhi umeongeza maji kiasi gani, pima kwa chupa ya nusu lita. Siku nne tu za maelezo hayo zinatosha. Mpelekee fundi. Fundi mzuri atafurahi. Atakayekukatisha na kusema "lete rejeta" bila kusoma, mshukuru uende kwa mwingine. Spea iliyotolewa mwambie akukabidhi, uione kwa macho.

Na piga hesabu. Oda za leo ukizigawa kwa bodaboda au bajaji, faida ya leo inapungua, labda inaisha kabisa. Inauma. Yule kaka wa viatu alikuwa anaokoa nauli ya kukodi fuso, na injini aliyonunua ilimla mzigo wa miezi. Mteja ukimwambia "mzigo wako unakuja kesho, gari imepata hitilafu" na ukamtumia picha ya boneti iko wazi, wengi wanaelewa. Nimeshafanya hivyo mwenyewe mara nyingi, waliokasirika wanahesabika.

Ukishatengeneza, wiki ya kwanza angalia maji kila asubuhi gari ikiwa baridi, weka alama kwenye kichupa cha akiba kwa kalamu ya maka. Alama isiposhuka siku saba, beba mzigo wako wa mbali.

Mwenye gari inayomsumbua aandike hapa chini: aina ya gari, mwaka kama anaujua, na INACHEMSHA WAKATI GANI. Nitajibu usiku nikishafunga duka. Ukiandika "bei ya rejeta" tu, nitakuuliza tena lilelile.